Barua ya wazi kuhusu mahakimu wa Dodoma: hakimu mpya asije peke yake

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Mahakama,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha.

YAH: KUONGEZA MAHAKIMU KATIKA MAHAKAMA ZA MWANZO NA ZA WILAYA, MKOA WA DODOMA

Waheshimiwa,

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179 katika Jiji. Hilo ni ongezeko la asilimia 86 kwa miaka kumi, na mkoa mzima nao ulishavuka milioni tatu. Tangu hapo wizara zimezidi kujaa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, treni ya mwendokasi imeanza safari zake kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na vilivyokuwa vijiji vya pembeni sasa ni mitaa. Watu wanapoongezeka, madai ya kukopeshana, talaka, mirathi, wizi mdogo na ugomvi wa mipaka huongezeka pamoja nao, na karibu yote hayo hubisha kwanza hodi kwenye Mahakama ya Mwanzo.

Tunaomba mahakimu waongezwe. Tunalisema mapema lisije likapotea katikati ya maelezo. Ila tunaomba waongezwe kwa hesabu nyingine, tofauti na ile iliyozoeleka, na kila mmoja aje na watu na vitu vinavyomwezesha kumaliza shauri. Sisi tunaoandika ni mawakili wa kujitegemea, wasaidizi wa kisheria na makarani wastaafu. Kazi yetu imekuwa masjala, korido na vyumba vya mahakama, na tunayoyaeleza hapa ni ya huko.

Tuanze na hesabu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo amewekewa lengo la kumaliza mashauri 260 kwa mwaka. Wa Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi ana 250, Jaji wa Mahakama Kuu 220. Ukitoa Jumamosi na Jumapili, sikukuu na likizo ya siku 28, hakimu anabaki na siku kama 220 za kazi. Katika kila siku, muda halisi wa kukaa kwenye kiti na kusikiliza ni saa nne na nusu hivi, kwa kuwa zilizobaki ni za kuandika hukumu na maamuzi madogo, kusaini hati, kukagua majalada na kujaza taarifa za mwezi. Saa 4.5 mara siku 220 ni saa 990. Zigawe kwa mashauri 260: kila shauri linapata saa tatu na dakika 48, kuanzia siku linapofunguliwa hadi siku linapofungwa.

Mtu aliyekiri kosa siku ya kwanza hamalizi hata saa moja. Talaka yenye mgawanyo wa mali ni habari nyingine. Mdai na mdaiwa, na mashahidi watatu kila upande, ni watu wanane wa kusikilizwa. Kila mmoja akichukua dakika 50 pamoja na maswali ya upande wa pili, tayari ni saa sita na dakika 40, bila kuhesabu siku za kutajwa (shauri linapoitwa ili lipangiwe hatua inayofuata tu, bila ushahidi), pingamizi wala hukumu. Katika takwimu, shauri hilo na la yule aliyekiri kuiba kuku yanahesabika moja kwa moja, sawasawa.

Mtu akishapimwa kwa idadi tu, atajifunza kuitafuta idadi. Mlalamikaji amechelewa basi, shauri linafutwa kwa kutofika. Kwenye taarifa ya mwezi limeondoka. Wiki ya pili mlalamikaji anakuja, analipia upya, linafunguliwa jingine lenye namba mpya. Mashauri mawili yamefunguliwa, moja limeisha, na haki haijasogea hata hatua. Hatuwalaumu mahakimu kwa hili. Kipimo ndicho kinachowafundisha.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni kwamba ikama ya mahakimu, yaani idadi yao kwa kila kituo, ipangwe kwa saa, na idadi ya majalada ibaki kuwa taarifa ya pembeni. Namna ya kupata saa hizo haihitaji mshauri mwelekezi wala semina hotelini. Chagueni mahakama sita za mkoa huu: mbili za mjini, mbili za pembezoni mwa Jiji, mbili za vijijini. Kwa wiki nane, karani wa chumba aandike katika daftari la siku saa ambayo kila shauri limeitwa na saa lilipoahirishwa au kumalizika, pamoja na aina yake. Baada ya hapo mtakuwa na wastani wa kweli wa kila aina.

Ili isionekane tunasema tu, haya ni makadirio yetu ya kuanzia, ambayo daftari litayasahihisha: kosa lililokiriwa, saa 1, deni lililokubaliwa, saa 1, deni linalobishaniwa, saa 4, shambulio la mwili lenye mashahidi, saa 5, mirathi isiyo na mgogoro, saa 2, mirathi yenye pingamizi, saa 6, talaka yenye mali, saa 9. Sasa chukueni mahakama inayopokea mashauri 400 kwa mwaka, yenye wastani wa saa 4.5 kwa shauri. Inahitaji saa 1,800. Kama ina viporo 120, yaani mashauri ya zamani ambayo hayajaisha, hizo ni saa 540, na mkitaka viishe kwa miaka miwili ongezeni saa 270 kila mwaka. Jumla saa 2,070. Gawanya kwa 990: mahakimu wawili na kidogo. Hapo pawekwe wawili wa kudumu, na wa tatu aje kwa miezi michache tu kusaidia viporo. Mtu yeyote wa Hazina anaweza kuihakiki hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu, na ndiyo faida yake.

Katika kuhesabu viporo, mirathi itengwe. Msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali, Fomu Na. V, na baadaye hesabu ya usimamizi wake, Fomu Na. VI. Wengi wakishapata barua ya usimamizi na benki ikawalipa, hawarudi tena. Jalada linabaki wazi mwaka, miaka miwili, na kwenye orodha linasomeka kama mlundikano, kwa sababu kwa Mahakama ya Mwanzo shauri lililozidi miezi sita tayari ni mlundikano. Jalada la namna hiyo linataka karani wa kumwita msimamizi aje ajieleze. Kuliwekea hakimu mpya ni kupoteza hakimu. Likichanganywa na talaka iliyokwama kwa kukosa nafasi ya kusikilizwa, takwimu itawadanganya.

Sasa tuingie chumbani, maana ndimo muda unamopotelea. Chukueni Jumatatu ya kawaida. Karatasi ya orodha ya mashauri imebandikwa mlangoni, ina mashauri 16, na yote yameandikwa saa tatu asubuhi. Saba ni ya kutajwa, manne yanasubiri hati ya wito irudi, mawili ni mirathi, matatu ndiyo ya kusikilizwa. Yale kumi na moja ya mwanzo, kila moja likichukua dakika nane (kuita, kuandika amri, kupanga tarehe, mdhamini kusaini), ni saa moja na dakika 28. Imefika saa nne na nusu. Anaingia shahidi wa kwanza wa shauri la kusikilizwa. Anasema sentensi mbili, hakimu anainua mkono wa kushoto: "Subiri kidogo, niandike." Kalamu inakimbia. Shahidi anapoendelea ameshasahau alipoishia, anarudia, hakimu anakata mstari. Hivyo hivyo kwa dakika 50 na kurasa kadhaa za mwandiko wa mkono. Shahidi wa pili anamaliza saa sita na robo hivi. Mirathi mbili zinaingia. Shauri la pili la kusikilizwa linaanza, linakatikia njiani. La tatu linapigwa kalenda, na mashahidi wake waliotoka Mvumi au Hombolo kwa nauli zao wanaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Wakirudi mara tatu bila kusikilizwa, ya nne hawaji. Shahidi asipokuja, shauri linakufa, na aliyeibiwa anaondoka akiamini kwamba hakimu amekula kitu.

Mahakama imeshaanza kufunga mfumo wa kunukuu sauti kuwa maandishi. Tunaomba usiishie kwenye mahakama za juu na vituo vikubwa. Anayeandika zaidi kwa mkono nchini ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na shauri lake linaendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mfumo ukinukuu Kiswahili vizuri, na lafudhi za huku zikajaribiwa humo, dakika 50 za shahidi zitashuka sana. Hiyo pekee ni sawa na kuongeza sehemu ya hakimu bila kuajiri. Lakini mahali ambapo umeme unakatika na intaneti inakwenda kwa kusuasua, hakimu anaandika kwa mkono kwanza kisha anaingiza tena kwenye mfumo wa mashauri jioni. Kazi moja inafanyika mara mbili, na tumeshuhudia watu wakiisifu kama maendeleo. Kila mahakama inayopewa mfumo ipewe betri au sola ya kuhimili saa nane, na vifurushi vya intaneti vilipiwe na kasma ya Mahakama, visitoke mfukoni mwa mtumishi.

Jambo ambalo tungependa mlisome mara mbili ni sababu za kuahirisha. Leo jalada linasema tu "shauri limeahirishwa hadi tarehe fulani". Wekeni herufi sita pembeni ya kila ahirisho: A, hakimu hayupo, B, shahidi hayupo, C, hati ya wito haijarudi, D, mshtakiwa hajaletwa kutoka mahabusu, E, jalada halipo, F, muda umeisha. Karani anaandika herufi moja, basi. Baada ya miezi mitatu hesabuni kwa kila mahakama. Palipojaa F na A panahitaji hakimu, hapana mjadala. Palipojaa C panahitaji mpeleka samansi (hati za wito) mwenye pikipiki na mafuta, na mkipeleka hakimu wa pili hapo atakachofanya ni kuahirisha mashauri mengine kwa sababu ile ile. Palipojaa D, zungumzeni na Magereza na Polisi kuhusu ratiba ya karandinga. Palipojaa E, angalieni mashauri yaliyokatiwa rufaa.

Hilo la E linahitaji maelezo. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo inatakiwa ifunguliwe Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ikifunguliwa, jalada la awali linaitishwa. Linatoka Mahakama ya Mwanzo likiwa la mwandiko wa mkono, linakwenda wilayani, linasubiri kuchapwa. Wakati huo, aliyeshinda akienda kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, anaambiwa jalada halipo, na aliyeshindwa akitaka nakala ya mwenendo wa shauri anaambiwa haujachapwa. Kwenye mirathi ni balaa zaidi, kwa kuwa rufaa inahusu nyumba moja lakini jalada zima limeondoka na warithi wote wamekwama. Dawa yake ni nyepesi: jalada lipigwe picha zote kwa skana siku ile hukumu inaposomwa, nakala ibaki masjala, na la awali ndilo liende. Skana moja ya mezani na saa mbili za karani kwa wiki zinatosha kwa mahakama ya kawaida.

Na hati za wito. Utaratibu uliozoeleka ni kumpa mlalamikaji hati aipeleke kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, naye mtendaji amtafute mlalamikiwa. Mtendaji ana kazi zake, na mlalamikiwa huenda ni jamaa yake. Hati inarudi bila saini, au hairudi kabisa. Katika mitaa mipya ya Nzuguni, Ihumwa au Nala mtu anajulikana kwa jina la utani na rangi ya bati. Lakini zoezi la anwani za makazi lilifanyika nchi nzima mwaka 2022, nyumba zikawekewa namba na barabara zikapewa majina. Fomu ya kufungulia shauri iwe na nafasi ya anwani hiyo na namba ya simu ya pande zote mbili, na karani asipokee madai yasiyo nayo pale inapowezekana kuipata. Samansi ikipelekwa na mtumishi anayelipwa kwa kazi hiyo, akaandika saa, mahali na jina la aliyeipokea, C itapungua kwa kiasi ambacho mahakimu watatu wapya wasingeweza.

Hakimu anayehudumia mahakama mbili ni tatizo la pekee. Kwenye karatasi anaonekana kujaza nafasi mbili. Akiwa siku tatu kituo kimoja na siku mbili kingine, siku za kituo cha pili ni 88 kwa mwaka. Akipoteza saa mbili kila siku ya safari, amepoteza saa 176, ambazo kwa kiwango chenu cha 260 ni mashauri 46. Na kituo cha pili hakipati hakimu, kinapata mgeni: siku zake zinaliwa na kutajwa, dhamana na kusaini hati, usikilizaji unabaki kiporo. Kati ya Desemba na Aprili, makorongo ya Bahi na Chamwino yakijaa maji, hata hizo siku mbili hazitimii. Mkipata mahakimu wachache, tunaomba wa kwanza wapelekwe kuvunja mahakama hizi za pacha kabla ya kuongezwa kwenye majengo yenye mahakimu wanne.

Kalenda ya kanda hii nayo ina kanuni zake. Msimu wetu wa mvua ni mmoja. Januari hadi Machi watu wako shambani, na shahidi wa kijijini hatakuja kwa sababu palizi haimsubiri. Mavuno ya mtama, alizeti na mahindi yakianza, na soko la Kibaigwa likichangamka, madeni yanadaiwa, mifugo inaingia mashamba ambayo hayajavunwa, na mashauri yanafumuka. Hakimu wa nyongeza wa muda akipangwa Januari atakaa bure, akipangwa Juni hadi Septemba atafanya kazi. Kwenye kata za zabibu tazameni pia majira ya kuvuna, kwa sababu vibarua na wanunuzi hudaiana pale pale. Mikopo ile ya mtaani inayoitwa kausha damu haina msimu. Hiyo inaleta madai mwaka mzima, na mengi ni mkataba wa ukurasa mmoja ambao hakimu anaweza kuumaliza kwa kikao kimoja akiusoma mapema.

Kuhusu ardhi, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kuamua nani mwenye kiwanja. Migogoro hiyo ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, baada ya Baraza la Kata kujaribu kusuluhisha na kutoa hati kwamba imeshindikana. Pamoja na hayo, viwanja vinaingia Mahakama ya Mwanzo kwa mlango wa uani: jinai ya kuingia eneo la mtu, kuharibu mali, kutishia, kung'oa bikoni. Shauri linasikilizwa miezi mitano, mwisho inabainika kwamba kila upande unadai kiwanja ni chake, na hapo jinai haiwezi kuamuliwa kabla umiliki haujaamuliwa kwingine. Karani aliyefundishwa kuuliza swali moja wakati wa kufungua, "Je, mwenzako naye anadai ni kwake?", anaokoa saa tano za hakimu. Na kama Mabaraza ya Ardhi yatahamishiwa Mahakamani, kama inavyozungumzwa kwa muda mrefu, yahamie na wenyeviti wao, makarani wao na bajeti yao. Majalada yakihama peke yake, mahakimu wote mtakaokuwa mmewaongeza watamezwa ndani ya mwaka mmoja.

Tunarudi kwenye hoja yetu, kwamba hakimu asije peke yake. Karani wa Mahakama ya Mwanzo anapokea madai, anatoa namba ya malipo, anafungua jalada, anaingiza kwenye mfumo, anaandika samansi, anaita mashauri, anatunza vielelezo, anajaza hati za dhamana, anatoa nakala na kuandaa taarifa ya mwezi. Mkiongeza hakimu mmoja kwa karani yule yule, mnachoongeza ni majalada yaliyopotea. Kiwango tunachopendekeza ni karani mmoja wa chumba kwa kila hakimu, karani mmoja wa masjala kwa kila mahakama, mpiga chapa mmoja kwa mahakimu wawili, na mpeleka samansi mmoja kwa kila mahakama. Ongezeni kabati la chuma lenye kufuli, kompyuta, printa na karatasi za mwaka mzima. Jambo la karatasi ni dogo, lakini mwananchi kuambiwa aende duka la steshenari akachape mwenyewe fomu ya mahakama ni aibu ambayo bei yake ni rimu chache.

Ukosefu wa vyumba usiwe sababu ya kungoja. Kwa kuanzia, chumba kimoja kinaweza kubeba mahakimu wawili wakipokezana, hata kama kila mmoja atapata pungufu kidogo ya saa 4.5: mmoja anakaa kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita na nusu, wa pili kuanzia saa saba hadi saa kumi na nusu, na asiyekaa anaandika hukumu kwenye ofisi ndogo. Wabadilishane kila wiki. Mashauri yenye mahabusu yawe asubuhi daima, ili warudi gerezani mapema. Ya wanaotoka mbali yawe asubuhi pia, wasikose gari la kurudi. Ya wakazi wa mjini yapangwe mchana, na kila shauri lipewe saa yake, siyo wote saa tatu.

Uhamisho ni kidonda kingine. Hakimu akihamishwa mashahidi wanne wakiwa wameshasikilizwa, anayempokea lazima aandike sababu za kulipokea shauri. Wengi husahau. Mahakama za juu zimefuta mienendo kwa kosa hilo, na shauri likaanza upya baada ya miaka. Tunaomba uhamisho utangazwe siku 90 kabla, hakimu anayeondoka asipangiwe mashauri mapya yenye ubishi katika siku hizo, na aliyoyaanza ayamalize. Isipowezekana, arudi kwa siku maalumu kuyafunga, kwa posho ya safari, ambayo ni ndogo kuliko gharama ya kusikiliza upya.

Haraka nayo ina bei yake. Talaka haiwezi kusikilizwa bila hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache ambazo sheria imezitaja. Hakimu anayekimbiza lengo hana dakika kumi za kuisoma hati, kuona kama imesainiwa na baraza lenye mamlaka na kama inasema kweli kwamba usuluhishi umeshindikana. Shauri linasikilizwa, mali inagawanywa, rufaa ya kwanza, ya pili, kisha inagundulika hati haikuwa sahihi, yote yanafutwa. Ukaguzi huo ufanywe na karani na hakimu siku ya kufungua, kwa orodha ya maswali manne iliyobandikwa ukutani.

Mwisho ni ratiba, kwa sababu nia njema bila tarehe huishia kwenye hotuba. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bunge linajadili bajeti hapa hapa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Mwongozo wa bajeti hutoka miezi kadhaa kabla ya hapo. Maana yake, mahesabu ya saa yanatakiwa yawe mezani kwa Mtendaji Mkuu wa Mahakama ifikapo Oktoba, ili ikama ijadiliwe na Utumishi na fedha za mishahara zitengwe. Kibali kikitoka, Tume itangaze, isaili, iteue. Kisha kiapo, mafunzo elekezi Lushoto, na kupangiwa vituo. Ukijumlisha vyote, hakimu anayeombwa leo atasikiliza shauri lake la kwanza baada ya zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho cha kungoja, fanyeni haya manne ambayo hayahitaji kibali cha ajira: herufi za ahirisho zianze mwezi ujao, mirathi zilizolala ziitwe na kufungwa, hakimu wa pacha apewe kituo kimoja na jirani mwenye nafasi achukue kingine, na vikao maalumu vya kuondoa viporo vifanyike Juni hadi Septemba, kwa mashauri ya F peke yake.

Kila robo mwaka, bandikeni kwenye ubao wa kila mahakama na kwenye tovuti ya Mahakama jedwali la mistari mitano: yaliyofunguliwa, yaliyoamuliwa baada ya kusikilizwa, yaliyofutwa kwa kutofika, yaliyobaki kwa umri, na maahirisho kwa herufi. Wananchi wenyewe watasoma kama hakimu wao mpya ameleta nafuu, na ninyi mtajua wapi pa kumpeleka anayefuata.

Tuko tayari kuja na madaftari ya majaribio na kukaa na makarani wa mahakama mtakazochagua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mawakili, wasaidizi wa kisheria na makarani wastaafu,
Dodoma.

Nakala: Jaji Kiongozi, Mtendaji Mkuu wa Mahakama, wabunge wa majimbo ya Mkoa wa Dodoma.